Chemba ya Mangapwani na Andalio la Somo: Kuoanisha Nyenzo za Makumbusho na Mtaala wa Skuli Zanzibar

Kuoanisha nyenzo za makumbusho na mtaala wa skuli ni kazi inayoelezwa kwa wepesi kuliko inavyotendeka. Kwa mazoea, makumbusho huchukua muhtasari wa somo, hutafuta mada inayokaribiana na vitu vilivyomo kabatini mwake, kisha huandika jina la mada hiyo juu ya kijitabu cha wageni na kukiita kijitabu cha wanafunzi. Mhadhara huu unajenga hoja tofauti, kwamba kinachopaswa kuoanishwa kwanza ni swali, na mada hufuata baadaye. Nalo ni lile swali ambalo muhtasari unamtaka mwanafunzi alijibu na ambalo eneo la kihistoria, kwa jinsi lilivyo na mahali lilipo, linaweza kumsaidia kulijibu vizuri kuliko kitabu cha kiada. Mfano utakaofuatwa ni Mangapwani, kijiji cha Wilaya ya Kaskazini B, kiasi cha kilomita 20 kaskazini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Istilahi chache zinahitaji kufafanuliwa mapema, kwa kuwa mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Mtaala ni mwongozo mpana unaoeleza malengo ya elimu, masomo yanayofundishwa, umahiri unaotarajiwa na namna ya kuupima. Muhtasari wa somo ni hati inayoushusha mtaala huo hadi kwenye somo moja na darasa moja, na ndani yake mwalimu hukuta umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za kujifunza, zana zinazopendekezwa, vigezo vya upimaji na idadi ya vipindi. Kutokana na muhtasari mwalimu huandika azimio la kazi, linalogawa mada kwa wiki na mihula, na kutokana na azimio huandika andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja au viwili. Nyenzo za makumbusho, kwa maana inayotumika hapa, ni vitu vyenyewe pamoja na majengo na magofu, maandishi ya ukutani, picha, nakala za hati, karatasi za kazi na hata maelezo ya mtembezaji wageni. Ngazi hizi zikishapambanuliwa, hudhihirika kwamba nyenzo nyingi zinazosemwa kuwa zimeoanishwa zimeoanishwa na mtaala, ambao kwa upana wake haukatai chochote, ilhali anachokihitaji mwalimu asubuhi ya Jumatatu ni kitu kinachoingia katika andalio lake.

Mangapwani ina maeneo mawili ya kihistoria ambayo wageni huyachanganya mara kwa mara. La kwanza ni pango la asili, lililofanyika katika jiwe la matumbawe na lenye kidimbwi cha maji baridi chini yake. La pili, ambalo liko kiasi cha kilomita 2 kutoka hapo, ni chemba iliyofanywa kwa mikono ya watu: vyumba viwili vya mstatili vilivyochimbwa chini ya usawa wa ardhi katika jiwe hilohilo, vikaezekwa juu na kuwekewa ngazi ya kushukia, si mbali na ufuko. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba chemba hiyo ilijengwa karibu na mwaka 1880 na Mohammed bin Nassor Al-Alwi, kwa ajili ya kuwaficha watu waliokuwa wakiuzwa kwa magendo. Pango la asili nalo lina masimulizi yake, yanayosema kwamba liligunduliwa na kijana aliyekuwa mtumwa wa mwenye shamba Hamed bin Salim el-Harthy alipokuwa akimtafuta mbuzi aliyetumbukia shimoni, na kwamba tangu hapo likawa mahali pa kuteka maji. Wapo pia wanaolihesabu pango hilo kuwa pahala pa mizimu, jambo ambalo wageni wengi huelezwa kwa haraka na kwa tabasamu, ingawa kwa mwanafunzi wa historia ya jamii lina uzito wake.

Chemba hupata maana yake kutokana na tarehe. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash bin Said, kwa shinikizo la Uingereza lililoanza na ujumbe wa Bartle Frere na kukamilishwa na balozi mdogo John Kirk, alitia saini mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko ya hadhara, likiwemo la Mkunazini, ambapo mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kianglikana. Kuanzia 1874 hadi 1883 manowari ya Uingereza iliyoitwa London ilitia nanga katika bandari ya Unguja ikiwa kituo cha mashua za doria, na mwishoni mwa 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kulikagua jahazi lililokuwa na watumwa. Hata hivyo, umiliki wenyewe wa watumwa haukuguswa na mkataba ule. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba kwa amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897, tena kwa utaratibu uliomtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani kudai uhuru wake, huku masuria wakiachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Chemba ya Mangapwani, kwa hiyo, ni jengo la kipindi cha takriban miaka 24 ambapo kumsafirisha mtu baharini na kumuuza sokoni kulikuwa kosa, lakini kummiliki shambani hakukuwa kosa.

Mwanafunzi akikielewa kipindi hicho huwa ameelewa jambo ambalo vitabu vingi vya kiada hulipita kwa sentensi moja. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, wakati Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na kupanda upya kulihitaji mikono mingi ya kazi mwaka mmoja tu kabla ya mlango wa bahari kufungwa kisheria. Abdul Sheriff, mwanahistoria wa Zanzibar aliyewahi pia kuwa mhifadhi mkuu wa makumbusho ya visiwa hivi, alionesha katika kitabu chake cha 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe za ndovu kwamba biashara hii haieleweki bila ya kuitazama pamoja na uchumi wa mashamba ya karafuu na soko la dunia lililounganishwa nayo. Kwa mtazamo huo, shimo lililochongwa karibu na ufuko wa Mangapwani halina haja ya kuelezwa kwa ukatili wa mtu mmoja peke yake, kwani lina maelezo ya bei, ya mahitaji ya kazi, ya sheria yenye mwanya na ya pwani ndefu kuliko macho ya doria.

Hapa ndipo muhtasari wa Historia unapoingia. Kwa miaka mingi mada ya mwanzo ya Historia ya Kidato cha Kwanza nchini Tanzania, ambayo skuli za Unguja na Pemba nazo zimeifuata, imekuwa umuhimu na vyanzo vya historia, na miongoni mwa vyanzo vinavyotajwa ni masimulizi ya mdomo, maandishi, nyaraka, akiolojia, isimu, maeneo ya kihistoria na makumbusho yenyewe. Biashara ya watumwa huja Kidato cha Pili, chini ya uhusiano wa Afrika na ulimwengu wa nje. Mwanafunzi hufundishwa faida na upungufu wa kila chanzo, huzikariri, huziandika katika mtihani, na anaweza kupata alama nzuri kabisa kwa kueleza faida za makumbusho bila ya kuwahi kukanyaga katika makumbusho yoyote. Mtayarishaji nyenzo anayetazama majina ya mada ataipeleka Mangapwani moja kwa moja Kidato cha Pili, kwa kuwa neno «watumwa» limeandikwa huko na limeandikwa pia kwenye kibao cha eneo. Anayetazama swali ataona kwamba nguvu kubwa zaidi ya Mangapwani iko Kidato cha Kwanza, kwenye swali la namna mtu anavyojua kile anachodai kukijua kuhusu zamani.

Sababu ni kwamba Mangapwani inampa mwanafunzi, ndani ya mwendo wa kilomita 2, aina tatu za ushahidi ambazo hazikubaliani kwa urahisi. Upo ushahidi wa vitu: ukuta, ngazi, vipimo, mahali chemba ilipo kati ya kijiji na bahari. Upo ushahidi wa masimulizi, ambao hubadilika kidogo kutoka kwa msimuliaji mmoja hadi mwingine na ambao wakati mwingine huhamisha habari za chemba na kuzipeleka pangoni. Upo pia ushahidi wa maandishi, yaani mkataba wa 1873 na amri ya 1897, ambao hauitaji Mangapwani kabisa lakini ndio unaoeleza kwa nini mtu angetaka kuficha watu mwaka 1880 na asingehitaji kufanya hivyo mwaka 1870. Jiwe halitaji jina la aliyelichonga wala kusudio lake. Jina hutoka kwenye masimulizi, kusudio hukisiwa kutokana na mahali na wakati, na mwanafunzi anayeweza kutenganisha alichokiona, alichoambiwa na alichokikisia amefikia umahiri ambao hakuna orodha ya faida na upungufu inayoweza kumpa.

Mji Mkongwe una mfano unaofaa kuwekwa sambamba na huu. Vyumba vilivyo chini ya jengo la Mtakatifu Monika huko Mkunazini huoneshwa kwa wageni kuwa mahali walipofungiwa watumwa kabla ya kupelekwa sokoni, lakini wanahistoria wamelihoji dai hilo, kwa sababu jengo lenyewe ni la misheni na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Kuwaambia wanafunzi habari za mjadala huo hakupunguzi hata chembe ya ukweli kwamba Mkunazini palikuwa soko la watu. Kunawafundisha tu kwamba uchungu wa jambo hauthibitishi kila kinachosemwa juu yake. Makumbusho yanayoogopa kuwaonesha wanafunzi mahali ambapo ushahidi ni dhaifu huwanyima somo ambalo muhtasari umeliweka kwenye ukurasa wake wa kwanza.

Inafaa kuonesha jinsi andalio linalojengwa juu ya swali linavyoweza kuonekana. Kabla ya ziara, katika kipindi cha kawaida darasani, mwalimu huwapa wanafunzi maelezo mafupi ya vifungu vikuu vya mkataba wa 1873 na kuwauliza jambo moja: ni kitendo gani kimekatazwa na ni kipi hakikutajwa. Wengi huona wenyewe kwamba mashamba hayakutajwa. Siku ya ziara darasa hugawanywa makundi, na kila kundi hupewa futi kamba, ubao wa kuandikia na karatasi yenye safu tatu zilizoandikwa «tumeona», «tumeambiwa» na «tunakisia». Kundi moja hupima urefu, upana na kina cha vyumba na kukokotoa eneo la sakafu. Kundi jingine huhesabu vipandio vya ngazi na kutazama ni wapi mwanga na hewa vinaingia. La tatu hutembea kutoka chemba hadi ufukweni likihesabu dakika, na kutazama kama mtu aliye baharini angeweza kuiona njia. Mtembezaji wa eneo huombwa asianze na hadithi yake, bali asubiri hadi makundi yamalize kazi, na ndipo asimulie huku wanafunzi wakijaza safu ya pili. Njiani kurudi, darasa husimama kwenye pango la asili na kuulizwa swali la mwisho la siku, kwamba kuna ushahidi gani unaoonesha kuwa pango hili nalo lilitumika kama chemba ile. Katika kipindi kinachofuata skulini safu ya tatu husomwa kwa sauti na kujadiliwa, na makisio yasiyokuwa na mguu wowote katika safu mbili za kwanza hufutwa.

Andalio la namna hii halihitaji mtambo wala fedha nyingi, lakini linahitaji mambo mawili ambayo nyenzo za makumbusho husahau mara nyingi. La kwanza ni muda: kipindi cha sekondari ni kama dakika 40, na safari kutoka Makunduchi, ncha ya kusini ya kisiwa, hadi Mangapwani hula asubuhi nzima, kwa hiyo nyenzo zinazomtaka mwalimu afanye kila kitu papo hapo zimeandikwa na mtu asiyejua ratiba ya skuli. La pili ni upimaji. Kama muhtasari una vigezo vya upimaji na karatasi ya kazi haina njia yoyote ya kumwezesha mwalimu kuvijaza, ziara itabaki kuwa matembezi, na mwalimu mkuu atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini wazazi wachangishwe nauli.

Masomo mengine yanaweza kupitiwa kwa haraka zaidi. Jiografia hupata katika pango la asili mfano wa jiwe la chokaa litokanalo na matumbawe na wa jinsi maji ya mvua yanavyopenya na kukaa chini ya ardhi ya kisiwa, mada ambazo vitabu huzieleza kwa michoro ya nchi za mbali. Hisabati imekwisha kutajwa kupitia futi kamba. Kiswahili kinaweza kufaidika na fasihi simulizi ya mbuzi na kijana mchungaji. Orodha ya namna hii ingeweza kurefushwa, na kuirefusha ndilo kosa lenyewe, kwa sababu eneo linalodai kufundisha kila somo huishia kwenye ukurasa wa matangazo na halifiki katika andalio la mtu yeyote.

Zanzibar ina ugumu wake wa kiutawala ambao mwongozo wowote ulioigwa kutoka nchi nyingine utaukosa. Makumbusho na mambo ya kale si jambo la Muungano. Makumbusho ya Taifa, yenye nyumba yake mashuhuri Dar es Salaam, hufanya kazi Tanzania Bara, na maeneo ya Unguja na Pemba yako chini ya mamlaka ya Zanzibar inayoshughulikia makumbusho na mambo ya kale. Mitaala ya skuli za Zanzibar ni kazi ya Taasisi ya Elimu Zanzibar, na mitihani ya ngazi za chini, ikiwemo ya Kidato cha Pili, husimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar. Lakini Baraza la Mitihani la Tanzania ni jambo la Muungano, na mtihani wa Kidato cha Nne ni mmoja kwa pande zote mbili. Mwanafunzi wa Mangapwani husoma, kwa hiyo, chini ya taasisi moja na kupimwa mwishoni na taasisi nyingine. Ugumu huu umeongezeka katika miaka ya karibuni kwa sababu pande zote mbili zimo katika mageuzi ya mtaala wa umahiri, na Bara imeanzisha somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili. Kijitabu kilichoandikwa kwa kunakili namba za mada kutoka katika muhtasari mmoja kitachakaa mara tu muhtasari huo utakapobadilishwa, wakati kijitabu kilichojengwa juu ya swali la ushahidi kitahitaji kubadilishiwa jedwali la ukurasa wa mwisho tu.

Historia ya makumbusho ya Zanzibar inaonya pia kwamba kuoana na mtaala si sifa njema kwa yenyewe. Beit el-Amani, jengo la kuba jeupe la Mnazi Mmoja lililosanifiwa na J. H. Sinclair na kufunguliwa mwaka 1925 kuwa kumbukumbu ya amani baada ya Vita Vikuu, lilikusudiwa kuelimisha tangu mwanzo. Msimamizi wake wa kwanza, Dk. Alfred Spurrier, alikuwa tabibu, na maonesho yake yalibeba mafunzo ya afya sambamba na historia na mambo ya asili. Ailsa Nicol Smith, aliyelisimamia kuanzia katikati ya miaka ya 1930, aliendeleza kazi na skuli na walimu. Kwa kipimo cha kuoana peke yake, makumbusho hayo yalifaulu, kwa kuwa yalifundisha kile hasa ambacho elimu ya wakati ule ilitaka kifundishwe, na ndani yake kukomeshwa kwa utumwa kulielekea kuonekana kuwa zawadi ya Waingereza, huku sanduku la dawa la mmisionari David Livingstone likipata heshima ambayo hakuna kitu cha mtu aliyeuzwa kilichoipata. Nyenzo za leo zikiwa na mkataba wa 1873 bila ya kimbunga cha 1872, na zikiwa na Kirk bila ya wale waliotoroka, waliogoma na waliokwenda mahakamani baada ya 1897, zitakuwa zimerudia kazi ileile kwa karatasi bora zaidi.

Beit el-Ajaib, kasri la Barghash la mwaka 1883 ambalo baadaye liligeuzwa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili. Pamoja na msiba huo, skuli zilipoteza ukumbi ambamo mtoto angeweza kuuona mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila ya misumari, akiwa amesimama kando yake. Tangu hapo maeneo yaliyo nje ya mji, Mangapwani ikiwemo, yamebeba mzigo mkubwa zaidi wa elimu kuliko yalivyoandaliwa kuubeba. Bahati iliyopo ni kwamba barabara ya kwenda huko hupita karibu na magofu ya Mtoni, alipozaliwa binti mfalme Salme binti Said, na ya Maruhubi, kasri lililojengwa na Barghash katika miaka ileile ambayo chemba ilikuwa ikichongwa. Safari moja iliyopangwa vizuri inaweza kuwaonesha wanafunzi kasri na shimo vya zama moja, na kuwaacha waulize wenyewe vimehusiana vipi.

Suala la lugha halipaswi kukwepwa. Historia ya sekondari Zanzibar imekuwa ikifundishwa kwa Kiingereza, masimulizi ya Mangapwani yako kwa Kiswahili, na maelezo yaliyokomaa zaidi pale kwenye eneo yametayarishwa kwa watalii, kwa lugha zao na kwa haja zao, ambazo ni kusikitika kwa muda mfupi kisha kuendelea na safari ya ufukweni. Si kosa la watembezaji, kwani mshahara wao unatoka huko. Lakini nyenzo za skuli zinazotokana na maelezo hayo hurithi urefu wake, mkazo wake na hata makosa yake. Nyenzo za mwanafunzi zinastahili kuandikwa upya kwa Kiswahili sanifu, zikiwa na faharasa fupi ya istilahi za mtihani, ili mwanafunzi afikiri kwa lugha aliyokulia na asiadhibiwe kwa hilo katika chumba cha mtihani.

Zaidi ya lugha, kuna watoto wenyewe. Katika darasa moja la Unguja wanaweza kukaa kwenye dawati moja mjukuu wa aliyenunuliwa na mjukuu wa aliyenunua, na mara nyingi zaidi mtoto mmoja huwa ni wa wote wawili, kwa kuwa ndoa na usuria vimezichanganya koo za kisiwa hiki kwa karne nyingi. Kumbukumbu ya utumwa ilitumika katika siasa za kabla na baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na walimu wengi wanalijua hilo bila ya kuambiwa. Ndiyo maana baadhi yao huichagua njia salama ya kusoma kitabu na kufunga mjadala. Nyenzo nzuri humpa mwalimu njia nyingine iliyo salama, nayo ni ya kuuliza ushahidi kabla ya kuuliza lawama. Kanuni moja, hata hivyo, ingestahili kuandikwa kwa herufi nzito kwenye jalada la kila kijitabu cha chemba: wanafunzi wasiigizishwe kuwa watumwa, wasifungwe kamba, wala wasifungiwe gizani ili wahisi. Mtoto aliyeingizwa gizani hujifunza woga wake mwenyewe, na hajui zaidi ya alivyojua juu ya mwaka 1880.

Nchi nyingine zimeyapitia haya. Ngome ya Yesu huko Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na kuwa makumbusho tangu 1960, imezoea kupokea skuli kwa mpango na ina watu wa elimu ambao kazi yao ni hiyo. Jumba la makumbusho ya utumwa lililofunguliwa Liverpool mwaka 2007 liko katika nchi ambayo mtaala wake wa historia umeitaja biashara hiyo kwa jina. Mifano hiyo inafundisha kwamba kuoanisha ni kazi ya pande mbili: makumbusho hujisogeza kwenye muhtasari, na muhtasari nao huacha nafasi. Muhtasari unaotaja «maeneo ya kihistoria» katika safu ya zana bila ya kutenga hata kipindi kimoja cha kwenda huko haujaacha nafasi, umetaja tu.

Kwa Mangapwani, hatua ya kwanza ni ndogo na inawezekana. Taasisi ya Elimu, mamlaka ya makumbusho, walimu wa Historia wa skuli za Kaskazini B, na wazee wa shehia wanaoyajua masimulizi ya pango na ya chemba wangekaa pamoja na kutoa kijitabu chembamba: maelezo ya mkataba na ya amri, ramani ya maeneo mawili yaliyotenganishwa wazi, karatasi ya safu tatu, kanuni za usalama na heshima, na jedwali moja linaloonesha kila shughuli inagusa umahiri gani katika muhtasari upi. Kila skuli ya sekondari ya Unguja ingepata nakala, na zile za Pemba, ambazo safari ya bahari inazizuia, zingepata picha na vipimo vya kufanyia kazi ileile darasani. Mada ya vyanzo vya historia hufunguliwa mwanzoni kabisa mwa Kidato cha Kwanza, na kwa hiyo kijitabu hicho kinapaswa kuwa mikononi mwa walimu kabla ya skuli kufunguliwa.